Ushauri haujiuzi, ndugu yangu

Kijana mmoja wa Likoni ameniandikia: "Kaka, nimesomea uhasibu, nimechapisha kadi, nimelipia tangazo Facebook, lakini simu hailii. Nifanyeje?" Nimeshamjibu, ila najua mko wengi.

Sisi tuliokulia Mombasa tumeambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa leso za Biashara Street ni kweli: mteja ataishika, ataigeuza, atasoma jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Ushauri wa kodi haushikiki. Usipoutembeza, utakaa nao.

Mimi soko lilinifungukia mwaka 2024. Tangu Januari 1 mwaka huo KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, haikubali kwenye hesabu ya kodi gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, ukiacha zilizosamehewa kama mishahara. Wenye maduka ya jumla, Marikiti hadi Kongowea, walikuwa wamelisikia jambo hilo juu juu tu. Nikaandika hesabu moja kwenye karatasi moja. Kampuni imeuza milioni 30, gharama milioni 26, faida milioni 4. Kodi ya asilimia 30 ni milioni 1.2. Sasa ondoa kwenye gharama ununuzi wa milioni 10 usio na ankara ya eTIMS: faida inahesabiwa milioni 14, kodi inaruka hadi milioni 4.2. Nikapita nayo duka hadi duka, saa za mchana biashara ikiwa imepoa. Mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi aliisoma, akairudia, kisha akamwita karani: "Hebu lete faili la simenti." Hakuniuliza nina digrii gani. Mpaka leo ni mteja wangu, na wiki iliyopita nduguye wa Malindi amesaini nami kandarasi ya mwaka mzima. Najivunia, sifichi.

Kwa hivyo, mdogo wangu, futa kwenye kadi hayo maneno "huduma zote za biashara". Anayefanya yote hakumbukwi kwa lolote. Shika tatizo moja, la watu wa aina moja, mpaka jina lako litajwe kila likitajwa tatizo hilo.

Na msitoe kila kitu bure. Tajiri mmoja wa mjini aliniita kwake, kahawa na tende mezani, akaniuliza hili na lile, akaomba nimwandikie mpango ili "akauangalie". Nilimwandikia. Kazi akampa mpwa wake, mpango ukiwa ule ule wangu. Bado linaniuma, kwa sababu salamu zake ananipa kama kawaida. Siku hizi mazungumzo ya kwanza ni bure, lakini maandishi yana bei, na bei naitaja kabla ya kufungua kompyuta. Anayekuheshimu atalipa. Asiyetaka kulipa leo hatalipa kesho, hata mkiswali msikiti mmoja.

Anza mwezi huu. Usiende tarehe 18 wala 19, maana ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho wake ni tarehe 20 na mwenye duka hatakuwa na sikio la kukusikiliza. Nenda tarehe 21, alicholipa kikiwa bado kinamuuma.