Kwanini daraja, sio bendera?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Darasani tumeambiwa daraja la Brooklyn, lile la New York, kwenye shairi refu la Mmarekani Hart Crane, The Bridge, ni ishara ya Marekani. Mi najiuliza, nchi ina bendera, ina tai, ina lile sanamu pale bandarini New York, sasa kwanini mtu ahangaike na mawe na waya? Na ukishasema "ishara ya Marekani" si ndo umeshalimaliza shairi?

JIBU: Hujalimaliza, ndo kwanza umefika mlangoni. Bendera na tai serikali ilishavipa maana zamani, mshairi akivishika atakuwa anaitikia tu wimbo wa wenzake. Daraja lilifunguliwa 1883 watu wapite waende kazini, basi, halafu Crane akaziangalia zile nyaya akaona kinubi, akaona na madhabahu humo humo.

Ila kuna jambo wengi wanaliruka. Mwaka 1922 mshairi T. S. Eliot, mzaliwa wa St. Louis, Marekani, aliyehamia Uingereza (1927 akachukua kabisa uraia wa huko), alitoa The Waste Land na mle ndani kuna daraja pia, la London, umati unapita juu yake kama wafu. Crane alilipenda lile shairi na likamkera hapo hapo, akataka kujibu kwamba hapana, dunia hii ya mashine bado ina kitu cha kuamini, na kitabu chake kikatoka 1930. Kwahiyo ni daraja linajibu daraja, na kwa mtazamo wangu pia ni Mmarekani aliyebaki anamjibu aliyeondoka.

Na usidhani anasifia tu. Kwenye shairi la ufunguzi, kabla hata safari haijaanza, kuna mtu anatoka mbio, labda kwenye tundu la treni ya chini ya ardhi, labda selo, labda darini, anafika ukingoni mwa daraja, shati limejaa upepo, anajirusha. Hebu fikiria, umejenga ishara ya taifa halafu mtu wa kwanza unayemweka juu yake anajiua! Mwenyewe Crane alikuja kujirusha toka melini 1932, lakini tafadhali usilisome shairi kama utabiri, watu wanafanya hivyo na wanaliharibu.

Kama daraja ni kubwa mno kwako nenda kwa Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, usome shairi lake "I, Too", lipo kwenye kitabu chake cha 1926. Ishara yake ni jikoni. Wageni wakija, ndugu mweusi anapelekwa kula huko, naye anacheka, anakula, anapata nguvu, anasema kesho atakaa mezani. Nyumba ndo Marekani, na swali zima la nani ni Mmarekani limewekwa kwenye nani anakaa kiti gani, hakuna bendera hata moja.

Kwenye insha yako usiandike "daraja linaashiria umoja". Anza na yule wa ukingoni, uliza anafanya nini pale.