Maumivu wakati wa kumwaga: angalia kwanza panapouma

Kuumwa wakati wa kumwaga shahawa si kurogwa, na vidonge vya kubahatisha vya duka la dawa mara nyingi huchelewesha tu tiba. Angalia panapouma na dalili zinazoambatana.

Ukiungua ndani ya uume, mkojo nao unachoma au usaha unatoka, shuku gono au klamidia. Kwa kawaida yote mawili hutibiwa pamoja: sindano ya seftriaksoni, na doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Mwenzi wako naye atibiwe, na msikutane kimwili hadi wote mmalize, la sivyo mtaambukizana upya.

Maumivu ya ndani zaidi, kati ya korodani na njia ya haja kubwa, mara nyingi ni ya tezi dume. Hapa ndipo wengi hukosea. Dawa huingia kwa shida kwenye tezi hiyo, hivyo maambukizi sugu ya bakteria huhitaji siprofloksasini wiki 4 hadi 6. Ukiacha siku ya 5 kwa sababu umepata nafuu, unawabakiza bakteria humo. Kano za kisigino zikianza kuuma, simamisha dawa na umwone daktari. Na vipimo visipoonyesha bakteria, kurudia antibayotiki hovyo hakusaidii; huenda tatizo ni misuli ya nyonga iliyokaza. Kalia maji ya vuguvugu dakika 15 jioni. Dereva wa bodaboda au wa magari ya watalii Arusha asikae kutwa nzima kitini: ashuke, atembee kidogo, asibane mkojo.

Shahawa zikiwa na damu, na umewahi kuoga au kulima kwenye maji ya Mwanga, Kanda ya Ziwa au pwani, mwambie daktari apime kichocho. Mkojo wa kipimo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula.

Homa, kutetemeka na mkojo kuziba havisubiri kesho: nenda hospitali ya Mount Meru (Arusha) au KCMC (Moshi) siku hiyohiyo. Kama unatumia dawa za sonona kama amitriptilini au fluoksetini, mtajie daktari. Nazo zinaweza kuleta maumivu haya, lakini usiziache mwenyewe.