Chopsi za nguruwe kwenye chungu cha umeme, na maneno niliyoambiwa

Dada mmoja wa Makambako ameniandikia wiki hii. Anafunga duka saa moja jioni, akifika nyumbani ndipo anawasha jiko, na mtoto wake wa mwisho husinzia kwenye kochi kabla ugali haujasongwa. Anauliza kama ni kweli zile chopsi za nguruwe nilizoweka picha yake ziliiva nikiwa kazini. Ni kweli kabisa, dada yangu. Ngoja nikueleze yote, maana hayo maisha nayajua.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mwanjelwa na nyumbani ni Uyole. Msimu wa sare za shule na wa vipaimara natoka giza limeshaingia, na Juni na Julai baridi ya Mbeya haina huruma. Kwa muda mrefu watoto wangu walikunywa chai na mkate wakisubiri chakula. Nilipopata fedha ya kazi kubwa ya sare, sikununua kitenge wala simu. Nilinunua chungu cha umeme, kile kinachopika polepole kutwa nzima, chenye bakuli zito la udongo na kifuniko cha kioo.

Wifi yangu alipokiona alisema mbele ya mume wangu na watoto, "Siku hizi wanawake wanapikiwa na umeme, mkono wa mama umekwenda wapi?" Nilinyamaza. Lakini yale maneno yaliniingia, na sitadanganya, mpaka leo nikiyakumbuka donge linanipanda. Mwanamke anayeinama kwenye cherehani tangu asubuhi ili watoto wale nyama, anaambiwa hana mkono wa mama!

Mwezi uliopita binti yetu alipata kipaimara. Wakwe walipanda kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na parachichi, wifi naye akiwemo. Asubuhi ile, kabla ya kwenda kanisani, nilipanga nyama kwenye chungu, nikafunika, nikavaa, nikatoka. Misa ikawa ndefu, picha zikachukua muda wake, wageni wakaendelea kupiga soga uwanjani, na mimi sikuwa na haraka ya kukimbilia jikoni. Jioni nilipofunua, harufu ya tangawizi na vitunguu ilijaa nyumba nzima. Nyama ilikuwa inaachia mfupa ukiigusa kwa uma. Mama mkwe alikula, akamaliza, akasema, "Mwanangu, niongeze na mchuzi." Wifi aliomba kipande cha pili. Sikumwambia kitu, lakini moyoni nilisimama wima.

Sasa tuje kwenye nyama yenyewe. Jambo kubwa kuliko yote ni sehemu unayochagua buchani. Usikubali chopsi za mgongo hata zikipendeza vipi. Nyama ya mgongo haina mafuta mengi, ukiipika kwa saa nyingi inakuwa kavu. Mwambie muuza kitimoto akukatie bega, lenye mfupa, unene wa inchi moja hivi. Bega lina mishipa migumu ambayo kwenye moto mdogo wa muda mrefu huyeyuka na kuwa ule utelezi mtamu wa mchuzi. Kwa watu sita mimi nachukua kilo moja na nusu. Na angalia muhuri wa ukaguzi kabla hujatoa hela. Huku kwetu nyanda za juu nguruwe wengi hufugwa wakirandaranda, na ugonjwa wa tegu upo. Ukiona vifuko vyeupe ndani ya nyama, vyenye ukubwa wa punje ya mchele au zaidi, iache hapohapo. Nyama hiyo ikiliwa bila kuiva inaleta tegu tumboni, na mayai ya tegu yakiingia mdomoni kwa mikono michafu yanaweza kufika mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Hili silisemi kumtisha mtu, ila naomba lisisahaulike.

Usiku naipaka chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, naiweka kwenye friji. Asubuhi naikaanga kwenye kikaango chenye moto mkali, dakika mbili au tatu kila upande, ipate rangi. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanalalamika nyama imepauka na haina ladha. Usiiruke. Viazi mviringo na karoti vinakaa chini kabisa kwenye chungu kwa sababu vinachelewa kuiva kuliko nyama, kisha nyama, kisha vitunguu na nyanya juu. Maji ya moto robo kikombe yanatosha, kwa kuwa nyanya na nyama vitatoa maji yake. Chungu kisizidi theluthi mbili. Nyama iliyoganda usiiweke, iyeyuke kwanza, la sivyo itakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda.

Ukishafunika, umefunika. Kila unapofunua kuchungulia unapoteza joto la karibu nusu saa. Nasema tena, usifunue!

Kijitabu cha maelekezo ya chungu kiliandika saa sita kwa moto mdogo. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kila kitu kinachukua muda zaidi. Mimi naacha saa nane. Makambako nako ni juu, fanya hivyohivyo. Muda ukiisha chungu kinahamia chenyewe kwenye kutunza joto mpaka nirudi. Kuhusu LUKU usiogope: changu ni cha wati 250, saa nane hazizidi uniti 2. Jiko la sahani la wati 1,500 linamaliza uniti hizo kwa saa moja na dakika ishirini. Umeme ukikatika ukiwa haupo na hujui ulikatika kwa muda gani, mwaga chakula, hata kama roho inauma.

Ndizi au ugali napika nikirudi, mboga za majani hivyohivyo, dakika chache tu. Na maharage msiyatupie mabichi humo. Yale mekundu yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika kumi jikoni, ndipo yaingie chunguni.

Mama wenzangu, msikubali mtu awapimie upendo kwa moshi mliovuta. Mtoto anataka kula kabla hajalala, na anataka mama ambaye ana nguvu ya kumuuliza habari za shule. Na ninyi kina baba mnaosoma hapa, kukaanga nyama asubuhi na kubonyeza kitufe hakumpunguzii mtu uanaume. Mume wangu anafanya siku ninazowahi Mwanjelwa, na watoto wanaona.

Dada wa Makambako, umeuliza pia ununue cha ukubwa gani. Kwa familia ya watu sita chukua cha lita sita, chenye saa yake na sehemu ya kutunza joto. Cha lita tatu muuzaji atakusifia kwa sababu ya bei, lakini vipande sita vya bega pamoja na viazi havitaenea humo.