Yaya ana wiki tatu, kashakosa siku nne

*Shangazi, yaya wangu hutoka Likoni kuja kwangu Bamburi, hapa Mombasa, kila siku. Ana wiki tatu tu na amekosa Jumatatu mbili, kisha Jumatano na Alhamisi ya wiki hii. Ujumbe huingia saa moja asubuhi, nami kazini natakiwa saa mbili. Mtoto ana miezi minane na kashamzoea. Nimfukuze, au nimkate mshahara wa wiki ashike adabu?*

Mwanangu, pole. Kusimama mlangoni mkoba begani na mtoto kiunoni kunakera siku nzima. Hata hivyo wiki usiikate. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakuruhusu kukata ujira wa siku moja kwa kila siku aliyokosa bila ruhusa wala sababu halali, basi. Kama unamlipa shilingi 18,200 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, siku moja ni shilingi 700.

Sasa chukua kalenda, maana siku hizo nne hazifanani. Jumatatu mara nyingi ni safari: huenda ana mtoto anayelelewa na bibi huko Kwale au Msambweni, naye Jumapili jioni amekosa gari. Mwachie Jumamosi mchana aondoke mapema, mkubaliane Jumapili usiku alale Likoni.

Katikati ya wiki ya tatu ni nauli. Feri anavuka bure kwa miguu, lakini kutoka hapo hadi Bamburi ni matatu, kwenda na kurudi, na mshahara wa kwanza bado. Wiki mbili za mwanzo amekopa. Ya tatu anaona haya kukopa tena, na kukuomba wewe haya zaidi. Ndipo unapoandikiwa "naumwa". Mpe nauli ya wiki nzima Jumamosi, mbali na mshahara, na mwezi huu wa kwanza mlipe nusu kila wiki mbili. Hili peke yake huponya utoro mwingi.

Zungumza naye uso kwa uso, jioni, mtoto akiwa amelala. Muulize: "Dada, Jumatano ile ulijua saa ngapi kwamba hutafika?" Kisha nyamaza. Akisema alijua tangu usiku, basi alikuogopa. Mpe saa: akijua mapema, apige simu kabla ya saa tatu usiku, dharura ya alfajiri, kabla ya saa kumi na moja na nusu. Apige, asiandike, na usimgombeze kwenye simu hiyo, la sivyo hatapiga tena.

Tafuta pia mtu wa akiba wa kulipwa kwa siku. Aje mara mbili yaya akiwepo, ajifunze uji wa mtoto na namna anavyobembelezwa; mtoto wa miezi minane humlilia mgeni na kukataa chakula.

Mliyokubaliana yaandikwe, nakala mbili, pamoja na kipindi cha majaribio. Kisheria hakizidi miezi sita, ila yeye akikubali kiongezwe, na kukivunja kunahitaji notisi ya siku saba au malipo ya siku hizo. Mwangalie wiki nne. Akikosa mara mbili bila kupiga simu ilhali nauli anayo, msikilize, kisha mpe notisi. Mkiachana, mlipe kila siku aliyofanya kazi, siku hiyo hiyo anayoondoka.