Sikio Moja Likianza Kulia Baada ya Maambukizi

Sikio langu la kushoto lilianza kulia wakati maambukizi yalikuwa yanaelekea kupona. Homa imeshuka, maumivu yametulia, dawa nazimalizia, ndipo ukaingia mlio mwembamba wa juu usiokatika, upande mmoja tu. Mpaka leo upo, umepungua sana, na ninaishi nao vizuri. Namwandikia mtu ambaye wake umeanza wiki hii, kwa sababu nimeona wengi wetu tukisubiri pale panapotaka mbio, kisha tukihangaika huku na huku pale panapotaka subira.

Mbio ni siku za mwanzo. Mlio wenyewe si ugonjwa, ni dalili, na swali la kujiuliza mapema ni hili: je, sikio hilo bado linasikia kama zamani? Weka simu sikio moja, kisha la pili, usikilize sauti ileile. Sugua vidole karibu na kila sikio. Halafu funga mdomo, uvumishe sauti ya chini, "mmmm", usikie inaegemea wapi. Ikiegemea sikio bovu, mara nyingi tatizo ni kuziba: majimaji yamebaki nyuma ya kiwambo cha sikio. Ikiegemea sikio zima huku lile jingine limepungukiwa, huenda kilichoguswa ni sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu. Daktari hufanya jambo hilohilo kwa uma wa chuma unaotetema, akiuweka katikati ya paji la uso. Hapo nyumbani unapata fununu tu, jibu linatoka kwenye kipimo cha usikivu.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Majimaji yaliyobaki baada ya maambukizi ya sikio la kati yanaweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi 3, na mara nyingi hukauka yenyewe. Wakati huo sauti za nje zinaingia kwa shida, kwa hiyo mlio wa ndani unasikika zaidi, na sikio likizibuka nao hupungua. Lakini usikivu ukishuka ghafla, ndani ya siku 3 hivi, kwa sababu ya sikio la ndani, hiyo ni dharura. Tiba inayotumika ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe mwilini, na inafaa zaidi ikianza mapema, katika wiki 2 za kwanza. Ukiambiwa ni nta au ni mafua tu bila mtu kuchungulia sikio wala kupima usikivu, omba kwa heshima upimwe, na usione haya kuomba mara ya pili. Hili nalisema kwa msisitizo kuliko yote niliyoandika hapa.

Usisubiri hata kidogo ukiona kizunguzungu kikali, uso kulegea upande wa sikio hilo, uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, au usaha unaotoka. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo nao uchunguzwe, maana chanzo chake kinaweza kuwa kwenye mishipa ya damu. Na mlio wa upande mmoja ukiendelea kwa muda mrefu, daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuagiza picha ya MRI kuhakikisha hakuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu. Uvimbe huo ni nadra, na ukipatikana kwa kawaida si saratani, kwa hiyo nenda kapige picha bila kujimaliza kwa hofu.

Mtajie daktari kila dawa uliyotumia. Sindano za gentamisini, kwinini na aspirini ya dozi kubwa zinajulikana kugusa masikio. Usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kumuuliza, na usitie mafuta wala kimiminika chochote sikioni kwa ushauri wa jirani. Kiwambo kinaweza kuwa kimetoboka bila wewe kujua. Vijiti vya pamba navyo viweke mbali.

Ukishapimwa, na hatari zimeondolewa au zinatibiwa, ndipo zamu ya subira.

Mwaka 1953, watafiti Heller na Bergman waliwaweka watu 80 wenye usikivu mzuri ndani ya chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 walisema wanasikia milio na mivumo. Kwangu habari hiyo ilibadilisha mambo. Ubongo ukikosa sauti huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anayepandisha redio ikishika mawimbi vibaya, na pamoja na sauti unapandisha pia mkwaruzo. Vipimo vya hospitali vimeonyesha mara nyingi kwamba mlio unaomnyima mtu usingizi unazidi kwa desibeli chache tu sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Kinachoupa ukubwa ni hofu na kule kuuchunga.

Kwa hiyo ukimya si rafiki yako. Usiku washa feni, au rekodi ya mvua, kwa sauti iliyo chini kidogo ya mlio. Usijaribu kuufunika kabisa, maana ubongo unahitaji kuusikia bila kutishika ndipo uuzoee. Kuna jambo linalotuhusu sisi wa sikio moja ambalo sikuambiwa na yeyote: ukilalia sikio zima, umeziba mlango wa sauti zote za nje na kubaki na mlio peke yake. Lalia sikio bovu kama haliumi, au lala chali. Mchana, keti watu wakiwa upande unaosikia, na barabarani zungusha kichwa kabla ya kuvuka, kwa sababu sikio moja likipungua ni vigumu kujua gari linatokea wapi.

Vizibo vya masikio vivae penye makelele ya kweli tu. Ukivivaa kutwa unazidi kuufundisha ubongo kutafuta sauti. Kama usikivu haukurudi, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza na mlio. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuponya, na wanaouza vidonge hivyo huwawinda watu waliokosa usingizi. Msaada wenye ushahidi mzuri zaidi ni tiba ya mazungumzo inayofundisha kubadili fikra na mwitikio wako kwa mlio. Haiuondoi, inapunguza mateso yake. Ukianza kuona maisha hayana thamani, mwambie mtu wa karibu na daktari siku hiyohiyo.

Wa nyumbani nao waombe wasikuulize kila asubuhi, "Bado linalia?" Wanauliza kwa upendo, lakini swali hilo linakurudisha sikioni. Waambie utawaarifu mwenyewe pakiwa na jambo.

Mlio utapanda ukipata mafua, ukichoka, ukikosa usingizi, kisha utashuka. Wangu bado hufanya hivyo. Ila ukipanda pamoja na usikivu kushuka, usijiambie umeshauzoea. Rudi ukapimwe siku hiyohiyo.