Homa ya usiku baada ya kuchomelea bomba la zinki

Umeuliza kama kunywa maziwa kabla ya kuchomelea bomba la zinki (bomba la chuma lililopakwa zinki) kunazuia ile homa ya usiku. Hakuzuii. Maziwa yanaishia tumboni, moshi unaingia mapafuni.

Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, ilhali chuma hakiyeyuki mpaka karibu 1,500. Kabla chuma hakijaungana, zinki imeshakuwa mvuke, imekutana na hewa na kugeuka ule moshi mweupe. Ukiuvuta, hujisikii vibaya papo hapo. Homa, kutetemeka, kiu na ladha ya chuma mdomoni huja baada ya saa kadhaa, kisha huisha kwa siku moja au mbili. Kifua kikibana au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu baadhi ya boliti na vipuri hupakwa kadimi, metali yenye sumu, na moshi wake huanza na dalili hizo hizo lakini unaweza kuua.

Dawa ni kuiondoa zinki kabla ya kuchomelea. Chukua grainda yenye diski ya msasa, ukwangue sentimita 5 kila upande wa kiungo mpaka rangi ya kijivu iliyofifia iishe na chuma king'ae. Barakoa ivae tangu hapo, maana vumbi lake nalo ni baya. Ndani ya bomba zinki itabaki, kwa hiyo barakoa isivuliwe wakati wa kuchomelea. Iwe ya kichujio cha P100 au P3 (alama za vichujio vinavyonasa chembe ndogo sana za moshi na vumbi), ishike uso vizuri (ndevu zinavujisha hewa) na ienee chini ya ngao ya uso. Kitambaa au barakoa ya hospitali haifai kwa kazi hii.

Fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni. Upepo wa mgongoni huzunguka mwili wako na kukurudishia moshi usoni. Kichwa kisiwe juu ya moto.

Usisafishe kiungo kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini: joto na mwanga wa moto huigeuza kuwa fosijeni, gesi ya sumu kali. Brashi ya waya inatosha. Bomba lililozibwa pande zote litoboe kwanza, hewa iliyopashwa moto isije ikalipasua. Kikishapoa, kiungo kipake rangi yenye zinki, maana sehemu uliyokwangua itashika kutu mapema.