Majani ya mimea yanaoza kwenye tangi jipya: ning'oe?

SWALI: Nina tangi jipya la samaki la lita 60, maji yasiyo na chumvi. Wiki mbili zilizopita nilipanda kriptokorine, na anubiasi nikaifukia vizuri kwenye changarawe. Samaki bado sijaweka. Anubiasi imetulia, ila kriptokorine imelegea na majani yanageuka uteute. Rafiki anasema nilipaswa kusubiri tangi likomae. Ning'oe nianze upya?

JIBU: Usiing'oe, tafadhali. Mimea mingi ya tangi hukuzwa shambani mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani yakiwa hewani. Majani hayo yana utando wa nta wa kuzuia kukauka, kwa hiyo chini ya maji hupata shida kunyonya kabonidioksidi. Mmea huyaacha, ukachipua mengine yanayofaa majini. Kriptokorine ndiyo nyepesi kushtuka kuliko yote; hata iliyozoea maji huweza kumwaga majani yote kwa kuhamishwa tangi tu.

Papasa pale mizizi inapoanzia. Pakiwa pagumu, mmea u hai. Mpe wiki kadhaa. Majani yaliyooza yakate na kuyatoa, maana yakibaki humo hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Na tafadhali usiongeze mwanga wala mbolea kwa huruma: mmea usio na majani hauna cha kufanyia vitu hivyo, vitaliwa na mwani. Saa 6 za taa kwa siku zinatosha kwa sasa.

Hukukosea kupanda mapema. Tangi hukomaa likishapata bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali hivyo; kwa kawaida bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga, na wakati huo mimea hunyonya sehemu ya amonia. Wanaopaswa kusubiri ni samaki, hadi vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri.

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye anubiasi unayoiona imetulia. Lile shina nene linalolala, lenye kutoa majani juu na mizizi chini, likifukiwa huoza polepole, na majani huchelewa kukuonyesha. Lifukue leo. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti, usikaze sana. Baada ya miezi michache mizizi itakuwa imeshika yenyewe, nawe utaukata uzi.